Siku Mama Aliponiitia Mwizi

Kwa miaka kadhaa, mtu akiporwa kitu katika soko letu hapa Lubumbashi, hakukimbilia polisi kwanza. Alinitafuta mimi. Nilikuwa napima magunia ya maharage kwenye depo, ghala la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu, pembeni mwa soko, na ujanani nilijifunza judo. Siku ya kwanza nilimkimbiza kijana aliyenyakua mkoba wa mwanamke, nikamwangusha mbele ya maduka ya vikwembe, yaani vitenge, nikamkalia mpaka mkoba ukarudi kwa mwenyewe. Halafu nikafanya jambo ambalo watu hawakulizoea: nilikataa apigwe. Walishaokota mawe, na mmoja alikuja akiviringisha tairi. Nilisema atakayemgusa aanze na mimi. Nikampeleka polisi nimemshika mkono.

Toka hapo namba yangu ya simu ilizunguka meza zote za soko. Watoto wa avenue yetu, mtaani kwetu, walijifunga vikwembe vya mama zao shingoni, wakaruka kutoka juu ya ukuta wakisema wao ni mimi. Sitadanganya, nilipenda. Nilipenda kupita sokoni wauza samaki wakinisalimia kwa sauti, na wageni wakigeuka kuuliza yule ni nani.

Mama yangu naye aliuza samaki wa Kasenga, kwao alikozaliwa, katika soko hilohilo, mpaka magoti yalipomshinda. Baba alipofariki alikuja kukaa kwetu, mimi na mke wangu. Ugonjwa wake ulianza polepole. Alitia sabuni katika sufuria ya bukari, ugali wetu. Aliuliza baba yuko wapi, tukamwambia, akalia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake akauliza tena, akalia tena. Mwishowe tukawa tunamwambia baba ametoka kidogo.

Aliyemwogesha ni mke wangu. Aliyemvisha na kumlisha ni mke wangu. Mimi simu ikilia nilivaa viatu.

Mara moja mke wangu alisimama mlangoni akanizuia.

"Leo usiende," aliniambia. "Mama amekataa kunywa maji toka asubuyi. Mbele yangu anafunga kinywa. Pengine weye atakukubalia."

"Narudia sasa hivi."

"Njo vile unasemaka kila siku."

Nilienda. Nilimkamata mwizi niliyeitiwa, alikuwa na telefone mbili za watu ndani ya soksi. Niliporudi, mama alikuwa amelala kwa ubavu, midomo imepasuka kwa ukavu, na mke wangu amekaa chini karibu naye na kijiko mkononi. Hakuniuliza kama nimemshika. Zamani aliuliza.

Haukupita muda mrefu, mama akaacha kunitambua. Nilitoka kazini mchana, nikaingia sebuleni, akainuka kwenye kiti haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Hakupiga kelele. Alinisogelea akaninong'oneza, kama anayemwonea huruma mwizi aliyeingia nyumbani:

"Kijana, toka humu mbio. Mutoto yangu eko anakuya, na yeye hachekake na bezi."

"Mama, ni miye. Ni miye mutoto yako."

Alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Apana," alisema. "Mutoto yangu ni muntu mukubwa."

Nilitoka nje kama alivyoniambia. Nilisimama uani, katikati ya lupango letu, nikiwa bado nimeshika mfuko wa mikate niliyonunua njiani, nisijue kama nibishe hodi kwenye nyumba yangu au nifanye nini. Mke wangu alikuja kunichukua. Alichukua mikate.

Daktari alisema hakuna dawa ya kumrudisha. Nilimwuliza mimi nifanye nini, maana nilizoea kuwa mtu wa kufanya. Aliniambia, "Msibishane naye. Akisema kitu, kubalini." Akatupangia siku nyingine ya kurudi.

Siku hiyo ilipofika, mke wangu alikuwa Kipushi kwenye matanga ya mjomba wake. Nikampeleka mama peke yangu. Hospitali iko komini nyingine, wilaya nyingine ya mji, mbali na kwetu, mahali ambapo hakuna anayenijua. Tulishuka teksi, nikamshika mkono kwa sababu ya malori, na mkono mwingine nikabeba pochi yake. Tulitembea vizuri kidogo. Halafu akasimama. Akatazama mkono wangu juu ya mkono wake. Akatazama pochi.

"Mwizi!" alilia. "Mwizi! Ananibiya! Munisaidie!"

Neno hilo nalijua linavyofanya kazi. Kwanza watu wanageuka. Halafu wanauliza ni nani. Halafu hakuna anayeuliza tena. Walikuja kutoka kwenye vibanda vya simu, kutoka kwenye gereji, wanafunzi wakaacha njia yao. Kila uso niliuona wazi.

"Ni mama yangu!" nilisema. "Eko na ugonjwa ya kichwa! Tunaenda ku hospitali!"

"Bezi bote banasemaka vile," alijibu mwanaume mmoja, akateremka kwenye pikipiki yake, akanikamata kwenye kola.

Ningeweza kumwangusha. Mikono yangu ilishajua pa kumshika. Lakini ningelazimika kumwachia mama, naye alikuwa anavuta kuelekea barabarani, na malori yalikuwa yanapita karibu. Basi nilibaki nimemshika yeye, na kadiri nilivyomshika ndivyo alivyozidi kulia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyonipiga. Kipande cha tofali kilinipasua juu ya jicho. Sikuona kimetoka wapi. Nilipiga magoti.

Nakumbuka nilisubiri mtu aseme basi. Kulikuwa na watu wengi, wengine wana umri wa baba yangu. Hakuna aliyesema.

Aliyesema ni mama.

"Muache! Mumuache, ni mutoto ya bantu!"

Aliinama kwa shida, magoti yale yale mabovu, akafungua kikwembe chake cha juu akanikandamizia jichoni. Alinukia mafuta ambayo mke wangu humpaka. Watu walisimama. Mwenye pikipiki aliniachia kola.

"Nani alikuzalaka?" mama aliniuliza.

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa tayari kinywani. Nikakumbuka daktari.

"Mama moya ya Kasenga," nilisema.

"Ah. Hata miye natoka kule." Alinipangusa damu shavuni kwa ncha ya kitambaa. "Usiibe tena. Mama yako atakufa na aibu."

"Ndiyo, mama. Sitaiba tena."

Watu walisikia, nao wakaona kwamba wameshapata ukweli. Wakatawanyika, wengine wakinisonya. Mwanamke mmoja tu alibaki, akatuletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akanitazama, akamtazama mama, akafunika mdomo kwa mkono. Tulifanana sana, mimi na mama. Kila mtu husema hivyo.

Sasa nalala kwenye chumba kidogo nyuma ya nyumba. Tulikubaliana hivyo mke wangu aliporudi, kwa sababu mama hutulia kama hakuna mwanaume ndani. Watu wa soko wanaona kovu, wanaona sipokei simu, wanasema nimeogopa. Siwaelezi. Hivi karibuni kelele za mwizi zilipigwa upande wa samaki, nami nilikuwa kwenye mizani. Sikutoka. Nilipima gunia lilelile mara tatu hata patron, mwenye depo, akaja kuniuliza kama naumwa. Kelele ziliendelea kwa muda, kisha zikaisha. Yule mtu walimfanya nini, sikuuliza, wala sijui ningefanya nini na jibu.

Jioni mke wangu huniletea chakula huku nyuma. Hukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananiambia mama amekula kiasi gani, amesema nini. Juzi nilimwuliza kama mama bado ananitaja. Nadhani alikuwa anachagua la kuniambia.

"Anakuulizaka," alisema. "Anauliza sababu gani haukuyi kumuona."

"Na weye unamujibu nini?"

"Namwambia umetoka kidogo."

Halafu mama akaita kutoka ndani, naye akainuka akaenda.