Hirizi Niliyoifumua

Mshono wa nne kutoka pembeni ulikuwa mrefu kuliko wenzake. Hakuna aliyeujua isipokuwa mimi. Dada yangu aliivaa hirizi ile kiunoni, chini ya kanga, na sidhani hata mumewe aliwahi kuitazama sawasawa. Lakini mimi nilijua mshono ule uko pale. Dada akiinama kuchochea moto, nauona. Akicheka, nauona. Nilikuwa kama mtu aliyeingia msikitini na kanzu yenye doa, anaswali huku anadhani safu nzima ya nyuma inalitazama doa lake.

Dada alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, na baada ya ile ya pili mama mkwe wake alianza kusema kisimani, watu wakisikia, kwamba mwanawe ameoa mpapai dume. Mimba hii nayo ikiharibika, mume angeoa mke mwingine. Lilishasemwa waziwazi. Kwa hiyo pale kwetu Kivinje kila mtu alimlinda dada kwa njia yake. Mama alimkataza kubeba maji. Mimi nilijitolea kushona hirizi.

Nilikuwa karani katika ghala la tajiri mmoja wa Kihindi, napima magome ya mikandaa ya kutengenezea ngozi. Kazi ya ngozi nilijifundisha mwenyewe, jioni, katika kibanda nyuma ya nyumba. Sikuwa na fundi wa kunielekeza, na kwa kweli sikumtaka, kwa sababu fundi angeniona nikikosea. Nilifumua makubadhi makuukuu hadi nikaelewa yalivyoshonwa. Msharasi wangu wa kutobolea ngozi niliutengeneza kwa spoku ya baiskeli. Kisu nilikichonga kutoka kwenye msumeno uliokatika. Gurudumu lenye meno la saa mbovu nililitia mpini, nikawa naliviringisha juu ya ngozi liache alama, nijue kila tundu liende wapi. Ngozi za mbuzi niliziloweka mwenyewe katika pipa la magome hadi zikawa nyekundu, na mikono yangu nayo ikawa nyekundu, wenzangu ghalani wakiniuliza kama nimepakwa hina.

Na nilikuwa na cherehani. Wajerumani waliiacha, chuma kizito cha kushonea mahema na matandiko ya punda, na tangu Mwingereza aingie ilikaa ghalani chini ya magunia. Tajiri alinipa ili nimwondolee. Haikuwa na kanyagio. Nilitengeneza kwa ubao wa mvule na ekseli ya baiskeli. Mkanda wa kuzungusha gurudumu niliukata kwa ngozi ya ng'ombe. Siku ilipokubali kushona kwa mara ya kwanza nililia, na sijamwambia mtu hadi leo.

Kwetu hirizi ina masharti yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani huandika karatasi, huikunja na kuifunga katika kitambaa cheupe. Anayeshona ngozi juu yake lazima awe na udhu, na mwalimu husoma wakati inashonwa. Mshono ukifika mwisho, kisomo kimefungwa ndani. Haifunguliwi tena. Ikifunguliwa, kisomo kimetoka, na ni lazima iandikwe na kusomewa upya. Hata mtoto anayejifunza alifu analijua hilo.

Mwalimu alikuja kibandani na mama, na wanafunzi wake kadhaa nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umetawadha?"

"Nimetawadha."

Akaizunguka cherehani, akaigonga kwa bakora. "Na hili dude lako? Nalo limetawadha?"

Watoto wa chuo wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Mwachie, mwalimu. Ni dada yake. Ashone kwa mkono wake."

"Kwa mguu wake," mwalimu akasema, akakaa na kuanza kusoma.

Nikakanyaga. Chuma kilinguruma hadi sauti ya mwalimu ikapotea, naye akaipandisha, nami nikaongeza mwendo kwa aibu. Hapo ndipo mshono wa nne ulipoteleza. Niliusikia chini ya mguu. Meno ya chini yanayosukuma ngozi yalikuwa na jino moja lililochomoza kuliko mengine, na zamu yake ilipofika ngozi ilivutwa zaidi. Sikuweza kusimama katikati ya kisomo. Nilimaliza. Mama aliichukua, akaibusu, akaenda kumvalisha dada.

Dada alifika mahali ambapo mimba zile za kwanza hazikufika. Tumbo likaonekana. Mama mkwe akanyamaza, tena siku moja alimletea muhogo na pweza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shemeji akaanza kuniita "bwana fundi", na kwa mara ya kwanza hakulisema kwa dhihaka.

Ningeweza kuishia pale. Lakini katika miezi hiyo nililishughulikia lile jino. Nililisugua kwa tupa, nikalijaribu, nikalisugua tena, hadi cherehani ikashona mstari ambao hata mimi sikupata cha kuulaumu. Mikoba, mikanda, ala za visu, yote ikatoka safi. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikawa siwazi kitu kingine isipokuwa kwamba hirizi ya dada ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani yenye kosa langu. Nikamfuata uani.

"Dada, nipe hirizi nikurekebishie mshono mmoja."

"Mshono upi?"

"Wa nne kutoka pembeni."

Alicheka hadi akashika tumbo. "Wewe mtoto una wazimu. Nani atanifunua kiuno ahesabu mishono?"

"Unaweza kukatika."

Ulikuwa uongo. Mshono mrefu kidogo katika ngozi ya mbuzi haukatiki. Ungekaa hadi mtoto awe na watoto. Lakini nilijua ni neno hilo ndilo litakalomtisha, na nilimwona akitishika. Kicheko kikaisha.

"Ukikatika inafunguka?"

"Inafunguka."

Akaifungua kamba polepole. "Leo hii hii, mdogo wangu. Kabla ya magharibi niwe nayo. Na mama asijue."

Kibandani nikatawadha, nikafumua, bila mwalimu wala kisomo. Nilidhani ni kazi ya kukojoa na kurudi. Kitu ambacho sikukijua, na fundi yeyote angeniambia kama ningekuwa na fundi, ni kwamba ngozi nyembamba ikishatobolewa mara moja haitaki kutobolewa tena kando ya matundu yale yale. Sindano mpya ilipita katikati ya matundu ya zamani, na nilipovuta uzi ukingo wote ukachanika, kama karatasi iliyokunjwa na kukatwa kwa ukucha. Nikabaki na kitambaa cheupe mkononi na kipande cha ngozi kisicho na faida.

Jioni nilimwambia dada, "Kesho." Nilikata ngozi mpya. Kesho yake ilikuwa tayari, imeshonwa vizuri, na nikaikataa, kwa sababu wekundu wake ulikuwa umezidi kidogo kuliko ule wa kwanza na nilihofia mama angeona tofauti. Nikaloweka nyingine. Masika yalikuwa yameanza, ngozi haikauki. "Kesho, dada." Alikuwa anakuja mlangoni mwa kibanda, haingii, anasimama na mkono kiunoni pale ilipokuwa kamba. "Nipe hivyo hivyo ilivyo." Nami namjibu kwamba haiwezekani kutoka hivyo hivyo.

Nalirudia hili kwa sababu watu wakisimulia huliacha. Hirizi iliyokuwa tayari ilikuwapo. Ilikuwa juu ya meza yangu.

Juma halijaisha, homa ilimshika dada alfajiri, na kabla ya adhuhuri mimba ilikuwa imetoka. Mtoto alikuwa wa kiume. Mama alikikuta kiuno cha dada kitupu, na dada akamwambia hirizi iko kwangu. Dresa wa zahanati alisema ni malaria, kwamba ilikuwa mwilini mwake tangu kabla ya juma lile, na wanawake wengi hupoteza mimba hivyo wakati wa mvua. Alilisema kwa upole, na mimi nikalidaka kama mtu anayezama. Nikamweleza mama. Mama akanitazama, akaniuliza swali moja tu.

"Kama ni malaria tu, wewe ulitawadha ya nini?"

Nikisema karatasi haina nguvu, basi nilimchezea shere mwalimu na mama na Mungu. Nikisema ina nguvu, basi najua nilichofanya. Usiku nachagua hili, asubuhi nachagua lile, na kila mara nachagua lile linaloniuma kidogo wakati huo.

Shemeji hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikuja kibandani, akaichukua hirizi niliyoikataa, akaigeuza kwenye mwanga. "Kazi safi," akasema. "Hakika, bwana fundi, sioni kosa." Akaiweka pale alipoitoa. Baada ya Ramadhani alioa msichana wa Masoko, na mama mkwe akapiga vigelegele vya kusikika hadi kwetu. Dada alibaki kwenye nyumba ile, chumba cha uani.

Yeye hakunilaumu hata mara moja. Watu humsifu kwa hilo, wanasema ana moyo. Mimi moyo huo umenikaa kama mfupa kooni. Angenitukana ningekuwa na la kujitetea. Nina dresa wangu, nina mvua, nina jino la chuma. Yeye ananipakulia wali na kuniuliza habari za ghalani.

Mwaka uliofuata alishika mimba tena. Nilijua kwa kusikia, si kwa kuambiwa. Mwalimu aliandika nyingine, na mama akaishona mwenyewe kwa mkono, yeye ambaye hajawahi kushika ngozi maishani, kwa uzi wa gunia. Kibandani hakuja mtu, hata kuniomba kipande cha ngozi. Walikata kwenye kiatu cha zamani cha marehemu baba.

Mtoto alizaliwa, msichana, mzima. Siku ya arobaini nilikwenda na mkoba mdogo niliomshonea, na wanawake wakausifu na kuuzungusha. Kisha dada akaniita nimpakate mpwa wangu. Hirizi ilikuwa imehamishiwa kwake, imefungwa kiunoni. Niliiona kabla sijakaa: pembe moja imevimba, mishono imekwenda kombo, mmoja hapa, mwingine kule, ncha ya uzi inaning'inia. Vidole vyangu vikaanza kuiendea ile ncha.

"Mshike, mjomba," dada akasema. "Shika kichwa vizuri."

Akaniwekea mtoto mikononi. Kisha akakaa karibu yangu mkekani, akiongea na wageni, akicheka nao, na muda wote nilipompakata binti yake kiganja chake kilikuwa pale kiunoni mwa mtoto, kimeifunika.