Mama Mkwe Alikuwa Anaokota Nywele Zangu

Nilimkuta mama mkwe wangu amepiga magoti bafuni kwetu, anaokota nywele zangu sakafuni, moja moja, anazifunga kwenye kipande cha khanga.

Saa nne asubuhi, jua linawaka. Sikuwa naota.

Alikuwa amenipa mgongo, hakuniona. Nikavua ndala, nikarudi chumbani kimyakimya, nikafunga mlango kwa funguo.

Nikajishika kichwa. Nywele nyingine nne zikabaki kwenye vidole.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana wengi hamnijui.

Naitwa Editha, wengine wananiita Mama Jesca. Naishi Pugu na mume wangu Ferdinand. Mwaka juzi tulitoka kwenye kupanga Tabata tukahamia kwetu, nyumba haijaisha lakini ni yetu, na kisima chetu wenyewe uani. Ferdinand na kile kisima, jamani! Mgeni akija, kabla hajakaa anapelekwa kuonyeshwa pampu.

Na mie nilikuwaga na nywele. Nikisema nywele namaanisha nywele, siyo hizi za kununua. Za kuzaliwa, hazijawahi kuonja dawa, nikizinyoosha zinafika katikati ya mgongo. Sokoni wanawake walikuwa wananivuta kwa nyuma wahakikishe siyo wigi.

Kazi yangu ni kuuza mafuta ya nywele. Natengeneza mwenyewe jikoni, ya nazi, mnyonyo na karafuu, naposti mtandaoni. Sikuwahi kuhitaji tangazo. Nilikuwa nageuka tu, nawapa mgongo, wateja wanajaa.

Sasa tulivyohamia Pugu, nywele zikaanza kukauka.

Taratibu tu mwanzoni. Nikizishika nasikia kama nashika fagio la chelewa. Zikapauka, ncha zikapasuka, nikipitisha chanuo linatoka na fungu zima.

Nilihangaika, nyie. Nilipaka yai, nikapaka parachichi, nikapaka mayonezi mpaka Ferdinand akauliza kama leo tunakula kachumbari ya kichwa. Mafuta yangu mwenyewe nilijimwagia mpaka foronya zikawa zinanuka karafuu. Juu zinang'aa, ndani kavu vilevile.

Wateja wakaanza. "Dada, mbona siku hizi ni vilemba tu?"

Najibu, "Fasheni, mamaa."

Fasheni gani, mtu nalia chooni! Nauza mafuta ya nywele na nywele zenyewe zinaniaga.

Ndiyo hapo nikamkuta mama mkwe na kile kifundo.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Ndanda, huko kusini. Alikuja kukaa na sisi baada ya baba mkwe kufariki. Mama wa maneno machache, asubuhi anasali rozari yake, mchana anasuka ukili wa mikeka. Kiukweli hakuwahi kunikosea hata siku moja. Lakini mie nilikuwa nataka mtu wa kumbebesha mzigo wangu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Ferdinand aliporudi kazini nikamkalisha chini.

"Baba Jesca, mama yako anaokota nywele zangu."

"Si anafagia."

"Hafagii! Anafunga kwenye khanga. Mtu anafunga nywele za mwenzie za nini?"

Akaangalia mlango wa chumba cha mama yake. Hata nyie mnajua alichokuwa anawaza. Kwetu huku mtoto wa darasa la pili anajua kwamba nywele na kucha zako haziachwi mikononi mwa mtu.

Nikamwambia kabisa, "Aondoke yeye, au niondoke mie na Jesca."

Hatukumuuliza yule mama swali hata moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Ferdinand alimwambia tu kwamba dada yake Adelina, anayekaa Temeke, amezidiwa na kazi za cherehani na anahitaji mtu wa kumsaidia watoto.

Mama akamwangalia mwanae. Akaniangalia na mie.

"Sawa, baba," akasema. Akakunja mkeka wake.

Wakati anatoka getini mie nilijificha jikoni. Nilikuwa naogopa kumpa mkono.

Na ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Sikuishia hapo, mdomo wangu huu!

Kulikuwa na grupu la WhatsApp la wanawake wa nywele asilia, tuko mia mbili na kitu. Nikarekodi voisi ya dakika nne, huku nalia. Nikasimulia kila kitu na chumvi juu. Kwamba amezipeleka nywele zangu kuzimu. Kwamba nyota yangu ya biashara ameifunga kwenye khanga. Nikamtaja anakotoka, nikataja kwamba sasa yuko Temeke kwa binti yake fundi cherehani, kwa hiyo wa huko wajiangalie na watoto wao.

Nilipewa pole mpaka simu ikaishiwa chaji.

"Pole mamaa, hao ndio zao."

"Mchawi mkubwa huyo, Mungu amekuumbulia."

Na nilisikia raha, siwafichi. Nilisikia raha kabisa.

Sasa fuatilieni. Mchawi kaondoka, nywele si zinatakiwa zipone?

Zikazidi!

Hazikupita hata wiki sita, juu ya masikio kukawa kweupe kama kiganja. Nikiamka nakuta mto umevaa nywele kuliko mie. Nikasema basi huyu mama ameniachia laana njiani. Nikafunga, nikaenda kuombewa, nikarudi na upara wangu.

Shoga yangu Sekela akanionea huruma. Akasema, "Kabla hujafika kwa waganga, nenda kwa Bi Zubeda, Mtoni kule Temeke. Yule anatunza nywele za maharusi tangu sie hatujazaliwa."

Nikaenda. Mama mtu mzima wa Kizaramo, kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Vua hilo lilemba."

Nikavua. Hakushtuka, hakutoa pole. Akachomoa unywele mmoja, akausugua kwa vidole, halafu, haki ya Mungu, akauweka kwenye ulimi.

Akatema pembeni.

"Unaoshea maji gani?"

"Ya kisima, bibi. Tumechimba cha kwetu," nikajibu, tena kwa maringo.

"Na kunywa mnakunywa hayohayo?"

"Aa, ya kunywa tunanunua dukani."

"Kwa nini?"

"Ya kisima yana chumvi."

Bi Zubeda akaacha kukuna nazi.

"Mdomo wako umeyakataa, ukaona uzipe nywele."

Nikakosa pa kuangalia. Nikaanza kujitetea kwamba lakini mafuta napaka, napaka kila siku, tena nauza mwenyewe.

"Mwanangu, mafuta ni mfuniko. Nywele zako zina kiu, zinataka maji, maji baridi yasiyo na chumvi. Wewe unafunika sufuria tupu halafu unasubiri wali uive."

Akanikalisha. Akaniosha kwa maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga kwenye pipa, mara tatu, mpaka ule ugumu ukaanza kulegea. Akakamua tui zito la ile nazi, akachanganya na ute wa mshubiri, akanipaka fungu kwa fungu kuanzia kwenye ncha. Akanivisha mfuko wa nailoni, juu yake taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto. Likipoa anabadilisha. Nikakaa hivyo saa nzima.

Aliponisuuza nilishika kichwa changu nikalia. Zilikuwa laini. Chache, lakini laini.

Ndipo akapaka mafuta kidogo, nywele zikiwa bado na unyevu. "Hapo ndiyo mahali pa mfuniko," akasema. Halafu akachukua mkasi.

"Hizi za mwisho zimekufa. Hazifufuki."

Akakata. Zilizokuwa zinafika mgongoni zikaishia mabegani. Akaniambia kila wiki nirudie vilevile, na tone la kisima lisiguse kichwa.

Jumamosi iliyofuata nikasimama getini kumsubiri mzee Polikarpo. Huyu anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji baridi mtaani kwetu. Nilikuwa namuona kila siku ila sikuwahi kumuita, wenye kisima tunanunuaje maji ya mkokoteni?

"Shikamoo mzee. Nishushie madumu mawili."

"Marahaba, mama." Akachungulia ndani. "Eeh, bibi amesharudi?"

"Bibi gani?"

"Bibi wa hapa kwako. Mteja wangu yule. Kila Jumamosi dumu moja, ananiambia nipitie kwa nyuma, nisigonge geti."

"Dumu la nini, mzee, na sie tuna kisima?"

Mzee Polikarpo akashangaa kuliko mie. "Si la kukuoshea wewe nywele? Nilidhani umeshajua, ndiyo maana leo unanunua mwenyewe. Alisema maji ya kisima yanamla mkwewe kichwa. Alimwambia mwanae, mwanae akawa mkali. Basi akaona awe anamwaga yale ya kisima yaliyomo kwenye ndoo yako, anaweka haya. Akasema wewe ukijua utajisikia vibaya mbele ya mumeo."

Nikakaa chini palepale, kwenye mchanga, na gauni jeupe.

Kila Jumamosi yule mama alikuwa ananiita, "Mama Jesca, maji yako nimeshakuwekea bafuni." Mie naitikia asante huku nachezea simu. Siku nyingine zote najinyunyizia ya kisima mwenyewe, naharibu, yeye Jumamosi anatengeneza. Ndiyo maana wakati yupo zilikuwa kavu ila nyingi zimeshikilia kichwa. Alipoondoka zikaachia.

Asante ya punda ni mateke, na punda ni mie.

Nikampigia Ferdinand kazini. Akasema kwa sauti ndogo, "Aliwahi kuniambia, ndiyo. Nikamjibu kama hapendi maendeleo yangu aseme tu."

Kesho yake baada ya misa nikaenda Temeke.

Nilimkuta barazani kwa Adelina, beseni la vitumbua mbele yake. Saa tano ile, vitumbua vya chai, na beseni limejaa. Watu wanapita upande wa pili wa njia, wanakwenda kununua kwa mwanamke wa nyumba ya tatu.

Adelina akatoka ndani na futi shingoni. Hakunisalimia.

"Umekuja kurekodi nyingine?"

Voisi yangu ilikuwa imefika mtaani kwao siku ya tatu tu. Imetumwa, ikatumwa, ikaingia mpaka kwenye simu ya balozi wao wa nyumba kumi. Mtaa mzima ulikuwa unajua mama huyu ni nani. Jumuiya ya kanisani ikasali kwa zamu nyumba zote, ikairuka ya kwao. Mtu akaandika neno kwa mkaa kwenye ukuta, Adelina akalisugua likabaki kivuli. Na mama kila asubuhi aliendelea kupika vitumbua, anakaa navyo, mchana wanavila wenyewe.

Nikaogopa macho ya njiani, nikamvuta mama ndani, nikarudishia mlango, nikapiga magoti. Mie niliyeogopa kumpa mkono, nikamshika miguu.

"Mama, nisamehe."

Akaniinua. Akanivua kilemba, akanishika nywele. "Zimepata maji," akasema, na akatabasamu! Mama huyu akatabasamu, jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Nikajikaza nikamuuliza. "Na zile ulizokuwa unaokota, mama?"

"Kwetu nywele ya mwanamke haiachwi ipeperuke. Ndege akijengea kiota, mwenye nywele kichwa kinamuuma. Na wewe nilikuona umeshaumwa vya kutosha. Nilikuwa nazifukia pale kwenye mgomba wa uani kwenu."

Nililia mpaka Adelina akaja kusimama mlangoni.

"Twende nyumbani, mama. Leo hii. Chumba chako kipo vilevile."

Akatikisa kichwa.

"Kukusamehe nimekusamehe, mwanangu. Ferdinand naye nimemsamehe. Ila nikija kwenu leo, huku watasema mchawi amekimbia, na mwanangu Adelina atabaki na hilo jina na watoto wake."

"Sasa nifanye nini, mama?"

Akanifunga kilemba changu taratibu, kama vile mie ndiye niliyeonewa.

"Msamaha umekuja kuniomba ndani, mlango umefungwa. Yale mengine uliyasemea wapi?"

Nimekaa na swali lake wiki tatu. Ile voisi nimeifuta kwenye grupu, lakini kufuta kwangu kunasaidia nini, ipo kwenye simu za watu nisiowajua. Nilitaka nirekodi nyingine nikaogopa. Niliogopa wateja, niliogopa ndugu wa Ferdinand, niliogopa kuchekwa.

Leo nimeacha kuogopa, naandika kwa jina langu.

Kama uliwahi kusikia voisi ya mwanamke analia kuhusu mama mkwe wa Ndanda anayeokota nywele, mwanamke yule ni mie. Nilisema uongo. Yule mama hakunifanyia lolote zaidi ya kuninunulia maji kwa siri na kunifichia aibu yangu. Nywele zangu ziliharibiwa na maji ya chumvi na kichwa changu mwenyewe.

Akina dada, nywele kavu zinataka maji kwanza, mafuta baadaye. Na mtu ukimtilia shaka, mkalishe umuulize kabla hujashika simu. Kumuuliza kungenichukua dakika moja. Nywele zangu sasa hivi zinaota. Yeye jana kauza vitumbua viwili.

Mlioisambaza ile voisi, naombeni na hii muisambaze. Anzeni na watu wa Temeke.