Taa ya Mbele Ilibaki kwa Mama Mshonaji

Wiki jana vijana walikuwa wakichimba msingi wa nyumba yangu hapa Kalemie. Nyumba ya matofali ya kuchoma, rafiki yangu, na hakuna aliyenisaidia hata msumari wake mmoja. Jembe likagonga kitu. Wakatoa gunia lililooza, na ndani yake taa ya pikipiki, kioo chake kizima. Mimi, mwenye diploma ya mekanika kutoka Lubumbashi, ninayefungua injini za malori huku wanaume wakinishikia spana, nilikaa chini kwenye udongo na nguo zangu safi. Kiwanja hicho nilikinunua kwa sababu zamani kilikuwa cha mama mshonaji, jirani yetu. Sikujua kama nimekinunua pamoja na taa ya Papa, baba yangu.

Papa alikuwa akibeba ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwa pikipiki, kutoka ufukoni hadi masoko ya ndani. Mama yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo tulikuwa watatu nyumbani: Papa, mimi, na Nkambo, mama yake Papa, aliyeuza mawese sokoni. Vita vilipofika, askari wa upande huu na wa upande ule waliuliza jambo moja katika kila nyumba: iko wapi yenye magurudumu? Basi Jumapili moja, kanisa la jirani likiimba kwa nguvu zote, Papa na fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu wakaifungua pikipiki yote. Wimbo ukipanda, nyundo inagonga. Wimbo ukishuka, wanangoja. Kabla ya baraka ya mwisho, wanawake walikuwa wamekwisha kuvibeba vipande katika mabeseni, chini ya samaki.

Papa alitaka kuandika kila kipande kilikokwenda. Nkambo akamnyang'anya kalamu.

"Karatasi inasomwa na kila muntu. Kichwa cha huyu mutoto kinasomwa na mimi tu."

Juma lile lile Papa alivuka ziwa kwenda Kigoma, kwa maana wanaume walikuwa wakikamatwa. Tangu hapo, kila jioni, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, Nkambo aliniuliza kwa mpigo wa mchi.

"Injini?"

"Chini ya jiko letu."

"Gurudumu la mbele?"

"Kwa fundi, kati ya magurudumu yake."

"Taa ya mbele?"

"Kwa mama mshonaji."

Vilikuwa vipande kumi na saba, na sikukosea hata kimoja. Walimu wa Lubumbashi walishangaa baadaye kuona ninakariri vitabu vizima, lakini mimi nilikuwa nimesoma kwa mwalimu mkali zaidi. Kipande cha mwisho kikiisha, Nkambo aliuliza sikuzote:

"Na mwenye nayo?"

"Anarudi."

Hapo ndipo aliponiruhusu kuacha mchi.

Nilikuwa nimefika darasa la tano wakati mfanyabiashara mmoja wa boti alipotuletea habari. Papa anakuja Jumamosi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika huko kambi ya wakimbizi, ukaunga vibaya, anatembea na fimbo. Anakuja kunichukua. Hana kazi ya kufanya Kalemie na mguu ule, alisema, kwa hiyo atalala usiku mmoja tu, na boti itaturudisha wawili Kigoma. Nkambo alimsikiliza yule mtu hadi mwisho, akampa maji ya kunywa. Alipoondoka, akachukua beseni.

"Anza kusema," akaniambia.

Nikasema, na tukazunguka mtaa nyumba kwa nyumba. Kila kipande kilirudi, isipokuwa taa. Mama mshonaji alikuwa amekimbia, nyumba yake imeanguka, na hakuna aliyejua alikoifukia.

Fundi akaanza kuunga. Alipofungua tangi akaingiza kidole. Nkambo, ili chuma kisiote kutu, alikuwa amelijaza mawese na kulisimamisha kati ya bidoni zake za mafuta. Ilikuwa kiangazi, upepo wa ziwa ni baridi, na mawese yalikuwa yameganda kama nta.

"Mama, hapa tunatengeneza pikipiki ao tunakaanga samaki?"

"Angalia ndani. Ukiona kutu, uniite mwizi. Baiskeli zako zenyewe zinakohoa kutu kila asubuhi!"

Kutu haikuwamo, hata alama. Lakini fundi aliyayeyusha na kuyamwaga haraka bila kuosha vizuri, akatia chupa ya petroli, akapiga kiki. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Mawese yalikuwa yameingia katika kabureta. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Fundi akafuta mikono, akasema kabureta nyingine inapatikana Lubumbashi, na njia imefungwa.

Nkambo alikaa kwenye kigoda chake, akafunika kichwa kwa kitenge. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikasema, sufuria ya mawese ikiganda hatuitupi, tunaiosha kwa majivu na maji ya moto. Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Tulichemsha kila kitu. Ndani ya kabureta mna kipande kidogo cha shaba chenye tundu dogo kuliko jicho la sindano. Vidole vya fundi havikuweza. Nilikizibua mimi, kwa njiti ya ufagio. Huo ndio mtihani wangu wa kwanza wa mekanika, na niliufaulu bila minerval, bila karo hata faranga moja.

Adhuhuri ikawaka. Moshi wake ulinuka mandazi, na watoto wa jirani wakaja mbio na sahani.

"Kuwaka ni nusu," fundi akasema. "Nusu ingine njo kusimama." Akafunga kamba ya breki ya baiskeli, akaipandisha kilimani. Nkambo akaenda kusimama mwenyewe katikati ya njia, chini ya mteremko.

"Kuja! Ukinigonga, haijapona."

Ilisimama hatua mbili mbele ya kitenge chake.

Kesho yake Papa alishuka bandarini, mwembamba, amejiegemeza kwenye fimbo. Aliizunguka pikipiki mara moja. Akainama, akanusa tangi.

"Mama, uliweka mawese?"

"Ulitaka niweke nini, machozi?"

Papa akacheka hadi akalia. Akanipa fimbo niishike. Kiki iko kulia, na mguu wa kulia ulikuwa mzima. Kabla ya kupiga aliuliza, "Na taa?"

"Iko kwa mama mshonaji, Papa. Hatukuiona."

"Basi nitatembea mchana tu."

Boti iliondoka bila sisi. Na kweli, miaka yote aliyoendesha pikipiki ile, jua halikuzama Papa akiwa njiani. Wenzake wenye taa walisafiri usiku, na wengine hawakurudi. Sisi tulisikia mlio wake kila jioni, sombe ikiwa bado jikoni.

Leo Kalemie ina pikipiki kama nzi, na vijana hununua kabureta mpya kabla ya kuosha ya zamani. Nkambo hayupo, fundi hayupo, Papa naye tulimzika. Pikipiki iliuzwa vipande vipande, na safari hii sikukariri vilikokwenda.

Niliifuta taa ile kwa kanga yangu. Kitambaa kikatoka na rangi ya mawese: Nkambo alikuwa ameipaka pia.

"Taa ya mbele?" nikauliza kwa sauti, na vijana wakasimamisha majembe. Nikajijibu mwenyewe:

"Kwa mama mshonaji."

"Na mwenye nayo?"

"Anarudi," nikajibu, kabla sijakumbuka.