Mahali Nisipofagia

Harufu ya makapi ya ufuta yaliyolowa hunirudisha uani kwa bibi, kijijini Nambilanje. Kabla hajaondoka, mama alipanda pale ua linalotambaa, la zambarau, pana kama kisahani. Bibi akalifunika shina kwa makapi.

Asubuhi moja, nikitaka sifa, nilifagia uwanja wote, makapi yale nikayatupa. Siku ya tatu majani ya ua lile yalinyauka. Nikalia.

“Mke mwenzangu,” bibi aliniita kwa utani wake huku akilikata hadi likabaki shubiri moja, “kichwa chake kinataka jua, lakini miguu inataka kivuli.”

Tukarudisha makapi. Mvua zilipokuja, likachanua.

Nami nimelipanda kwangu. Wageni wakiona duara lile la makapi huniambia, “Hapa umesahau kufagia.”

“Sijasahau,” nawajibu.