Mtamba Mwekundu Aliyerudi Ng'ambo

Mtamba yule alikuja kwetu Oloipiri angali ndama, wakati mpaka wa Kenya umefungwa. Kwa sababu ya ukame alichanganyika na mifugo yetu malishoni, na jioni baba alipomshika sikio akaona alama ya watu wa ng'ambo. Kumrudisha hakukuwezekana. Askari wa pande zote mbili waliwaona wachungaji kama wapelelezi. Baba akaniambia nimtunze.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Mbele ya watu nilikuwa na haya, lakini kwa mtamba yule maneno yalitoka. Nilimlambisha magadi kiganjani huku nikimkuna chini ya shingo, mpaka akawa hataki magadi ya mtu mwingine. Kaka yangu alipojaribu, aligeuza kichwa. Nilifurahi sana siku ile.

Mpaka ulipofunguliwa, tulidhani mambo yamekwisha. Lakini askari bado walitazamana kwa jicho baya, na mchungaji aliyevuka alihojiwa kama mwizi. Ndipo wakubwa wao wakakutana na wazee, wakakubaliana kuanza na kitu kinachoonekana kwa macho: kila upande urudishe mifugo iliyopotelea kwake. Sisi tuliambiwa tutangulie.

"Papa, ana mimba," nilimwambia baba. "Tungoje azae."

"Ng'ombe wetu wako kwao pia. Tukimficha huyu, wale tutawadai kwa mdomo gani?"

Nilimpeleka mwenyewe, baba akiwa nyuma yangu, mpaka mahali pa mkutano. Upande wa pili alisimama kijana wa rika langu, mwenye shuka ambalo halijapauka. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

"Una hakika ni wenu?" ofisa wao alimuuliza. "Isije ikawa tunapewa ng'ombe wa kesi."

Kijana alipiga mluzi mfupi. Mtamba akasimamisha masikio, akaniacha, akaenda kwake. Akamlamba mkono. Mkono mtupu, usio na magadi!

"Pole, kijana!" askari wetu mmoja akasema. "Kapata bwana mwingine. Wewe kaoe mbuzi."

Wale wa ng'ambo wakaangua kicheko, wetu nao wakacheka, na katika kicheko kile wakubwa wao wakashikana mikono. Kila mtu alikuwa na furaha. Mimi nilitamani mtamba ampige teke huyo bwana wake.

Yule kijana akanijia. "Umemtunza vizuri. Akizaa jike, ni wako. Tangu leo wewe ni Paashe."

Kwetu, watu waliopeana mtamba huacha kuitana majina. Wote wawili huitana Paashe. Baba alinisukuma begani nijibu. Nilitazama chini. Tulirudi nyumbani na magadi yangu bado yamefungwa kwenye ncha ya shuka, na njia nzima niliwaza ni nani atakayemkuna shingo jioni ile.

Mvua zilipoanza, kijana yule alikuja na wenzake wakiswaga ng'ombe wetu. Walisema askari wa mpakani waliwapungia mkono tu wapite. Baba alihesabu mifugo yake akicheka peke yake. Mgeni akanifuata zizini.

"Paashe, amezaa jike."

Nikaendelea kufunga ndama wetu.

"Ila hakamuliki. Yeyo, mama yangu, amepigwa teke, kibuyu kimepasuka, na sasa hakuna mwanamke nyumbani anayemsogelea. Papa anasema apelekwe mnadani. Wewe ulikuwa unamfanyaje?"

Niligeuka asiuone uso wangu, kwa jinsi nilivyofurahi. Kumbe mluzi wake haukutosha! Ningeweza kumwambia sijui, akaenda zake. Lakini neno mnada lilinikaa. Nilimwona mtamba wangu akivutwa kwa kamba na mchinjaji asiyemjua.

Nikafungua ncha ya shuka, nikampa bonge la magadi.

"Simama mbele yake mama yako anapokamua. Mlambishe haya kiganjani, umkune chini ya shingo, polepole. Usimtazame machoni."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Paashe."

Alinishika mkono kwa nguvu, akaondoka na wenzake. Sikumwambia kwamba nilikuwa pia nikimwimbia mtamba. Atatulia kwa magadi, nilijua hivyo. Wimbo nilibaki nao mwenyewe, nimngoje nao yule ndama jike niliyeahidiwa.