Machozi ya Ukutani

Kila masika ukuta wa chumba cha kati huota kuvu. Madoa meusi huanzia chini, palipo godoro la kitindamimba wetu mwenye kifua, kisha plasta inatoka jasho kama mchukuzi. Tulidhani ni unyevu. Ami, mdogo wake marehemu baba, akaja kutuzindua.

"Hayo ni machozi ya marehemu mama yenu," alisema, amekalia kiti chetu cha pekee chenye mgongo mzima. "Nyumba imewakataa, wanangu."

Dawa alikuwa nayo: mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi Marereni, kitindamimba apelekwe Watamu, mimi nijitafutie.

"Na nyumba, ami?"

"Nitaikalia mimi. Mtu mzima hadhuriki na machozi."

Kwanza, lakini, alijaribu kumtuliza marehemu. Akarudi na chupa ya marashi, akaurashia ukuta uliokwisha kulowa. Kuvu ilinawiri. Chumba kikanukia bibi harusi, na mtoto akakohoa hadi asubuhi.

Kulipokucha nikachukua tindo. Darasani niliishia la saba, ila kubomoa hakutaki cheti. Plasta ilimeguka kama mkate wa juzi, na ndani yake mlikuwa na vikombe vya pwani, yaani magamba ya chaza, vidogo, vyeupe, vingine vizima. Nikaulamba ukuta. Chumvi tupu. Mchanga wa ufuoni huo, nao mvua ikinyesha hunywa maji haushibi.

Aliyepiga plasta ile ni ami mwenyewe, baada ya matanga ya baba, kwa kutuhurumia. "Mchanga wa mtoni, safi!" alituapia, nami nikamkorogea.

Ijumaa alikuja kunywa chai. Nikamwandalia mahamri, na kando yake kisahani cha vikombe vya pwani.

"Shikamoo, ami. Mama amekulilia hivi."

Akavitazama. Kitindamimba akadakia, "Kwani mama alikuwa akila chaza?"

"Mtoto huyu hana adabu," ami akasema.

"Hana, ami. Tutamfunza papa hapa." Nikamsogezea tindo. "Upande wa dirishani bado. Karibu."

Alikumbuka ana safari. Mahamri aliyamaliza kwanza.

Sasa tunalala sebuleni sote watatu, ukuta umebaki mawe matupu ukikauka. Kifua cha kitindamimba bado kinapiga filimbi, lakini kinaipigia kwao.