Podcast yangu ya darasa ilikosea kipimo cha dawa ya ndengu, na mama wa student akakifuata

Wakuu, salamu kutoka Kwa Vonza, mahali jua huanza kazi mapema kuliko watu.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine na kupita kimya. Lakini hii imenikaa kifuani, na kwa vile imeisha salama, wacha niitoe. Si hekaya ya kutunga. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni lecturer. Nafundisha kilimo kwa chuo kimoja huku Kitui, hasa kuhifadhi mavuno.

Shida yangu kubwa ilikuwa darasa la third year. Halijai. Wengine wana kazi Kabati, wengine wakienda nyumbani kuvuna hawaonekani wiki mbili. Notes nawapa, hawasomi. Nikiuliza swali nasikia feni tu.

Nikaamua kuwarekodia podcast.

Msifikirie studio. Ni simu yangu, ndani ya gari, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka. Dakika kumi na tano, topic moja. Natuma kwa group ya WhatsApp ya darasa, file ndogo isimalizie mtu bundles.

Wakuu, ilishika vibaya sana. Watu wanasikiza wakifua, wakipalilia, wakilinda duka. Ikifika siku ya lecture wanakuja na maswali, tena yale ya kukufanya ukune kichwa.

Nikavimba. Mwanzoni nilikuwa naandika kila kitu kwanza, halafu nasoma. Baadaye nikajiona mtaalamu, nikawa naongea tu kutoka kichwani. Wenzangu mnaofundisha mnaujua huo ugonjwa.

Sasa ikafika episode ya kuhifadhi ndengu, zile wengine mnaita choroko.

Kuna dawa ya unga ya kuzuia wadudu tuliyokuwa tukiitumia kama mfano. Maagizo yake ni rahisi: gunia moja, pakiti moja, na usile kabla ya wiki nne kuisha.

Mdomo wangu ukageuza. Nikasema pakiti nne, ngoja wiki moja.

Sikurudia kusikiza. Nikatuma, nikaenda kula.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, asubuhi, student anaitwa Kavata aliingia ofisini. Ni msichana mtulivu, kwao ni Makueni, ndani ndani kutoka Kiboko. Alisimama na simu mkononi, hataki kukaa.

"Sir, naweza kuuliza kitu na usikasirike?"

"Uliza."

"Ile dawa ya ndengu, pakiti ni moja ama ni nne?"

"Ni moja."

"Kwa audio umesema nne."

Nilicheka, nikamwambia hakusikia vizuri. Hakubishana. Aliweka simu mezani akabonyeza. Nikajisikia mwenyewe, tena nikiwa na confidence ya mhubiri: pakiti nne, wiki moja.

Kicheko kiliisha hapo.

Nikaanza kumwambia nitatuma correction kwa group. Akanikatiza, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Sir, mum ameshaitumia."

Hapo ndipo nilijua kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiwaza. Kavata alikuwa akimtumia mama yake kila episode. Mama naye anawasikizisha wamama wenzake wa kanisa baada ya fellowship. Jumamosi iliyopita alinunua dawa akatia kwa magunia mawili. Na Jumapili, yaani siku mbili mbele, kanisa lina wageni, na ndengu za kupika ni za kutoka kwake.

Tukapiga simu. Imezimwa. Kavata akasema mama huacha simu sokoni ikichajiwa. Tukapiga ya jirani, Mama Mueni. Inaita, haishikwi.

Nilichukua funguo za gari.

Njia nzima Kavata alikuwa akipiga zile namba mbili, bila bahati. Tulipoingia Mombasa Road nilikuwa nafikiria watoto wa Sunday school na sahani zao. Nawaambia ukweli, niliomba Mungu kwa sauti nikiendesha.

Tulifika saa nane hivi. Mama Kavata alikuwa kwa boma akipepeta, turubai imetandazwa. Nilisema tu "hamjambo" akaacha ungo.

"Huyu si ni mwalimu wa simu!" Akaja akanishika mkono na mikono yake yote miwili. "Karibu, mwalimu. Karibu sana."

Nikaona nikikubali hata maji kwanza nitakuwa mnafiki. Nikamwambia vile mambo yalivyo, nikiwa bado nimesimama.

Aliniachilia mkono.

"Kwa hivyo ile nne ni moja?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile wiki moja ndiyo nne?"

"Ndiyo."

Akaangalia upande wa store. "Hatujakula. Za wageni nilikuwa nizitoe kesho."

Wakuu, nilikaa chini kwa mchanga na trouser yangu ya kazi.

Sikukaa sana. Mama alishika kichwa ghafla. "Lakini Mama Mueni alipimiwa gorogoro moja ya hizo jana!"

Kavata alikimbia. Mimi na mama tukamfuata, tukavuka kijito kilichokauka, na kwa mbali tayari naona moshi wa jikoni. Nilipofika mlangoni, Kavata alikuwa ameingia bila hodi na kufunua sufuria.

Ilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe.

Mama Mueni alikuwa amesimama na mwiko, anatuangalia mmoja mmoja. "Nyinyi mmetoka na njaa wapi?"

Mama Kavata akamuuliza ndengu ziko wapi. Akatuonyesha mkebe juu ya rafu, umefunikwa. "Si hizo. Nimeweka za kupanda. Ziko na dawa, nani anakula dawa?"

Kavata alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilitoka nje, nikageukia ukuta. Yangu hayakuwa ya kicheko.

Tulimpigia afisa wa kilimo. Akasema magunia hayo mawili yasiguswe kwa chakula, yabaki mbegu. Mama aliyaandika MBEGU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Ndengu za wageni akazitoa kwa gunia ambalo halikuwa limetiwa dawa.

Nikamwambia nitarekodi correction mara moja, wamama wote waipate. Akakataa.

"Mwalimu, sauti ni ile ile. Watu watajuaje ni gani ya ukweli?"

Miaka yote ya chuo, na sikuwa nimefikiria hiyo.

Kumbe ana jibu lake. Kavata akaenda sokoni kuchukua simu ya mama. Mama akakaa juu ya gunia, pakiti mkononi, akarekodi correction mwenyewe kwa Kikamba, akisoma maagizo kidole kikifuata maandishi. Alipomaliza akanisogezea simu. "Na wewe sema umekosea." Nikasema, tukaituma kwa wamama wale na kwa group ya darasa.

Kabla jua halijazama majibu yalikuwa yamerudi. Hakuna mwingine aliyekuwa ametumia kipimo changu. Mzee mmoja wa kanisa alituma voice note kwamba yeye alisoma pakiti, akaamua mwalimu amechoka.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa department mwenyewe. Alinichemkia, na alikuwa na haki. Halafu nikawawekea darasa ile audio mbovu, nikakiri mbele yao. Hakuna aliyecheka.

Podcast sijaacha. Lakini sasa naandika kwanza, na student wawili wanasikiza wakiwa na pakiti ama kitabu mkononi kabla haijatoka. Kavata ndiye mkali zaidi. Amenirudisha kurekodi mara tatu kwa episode moja.

Somo langu ni hili: ukifundisha kwa sauti, usidhani unaongea na darasa lako peke yake. Kuna mtu usiyemjua anakuamini, na anafanya vile umesema.

Na kati ya zote tulizotuma mpaka leo, ile inayozunguka zaidi si yangu. Ni ya Mama Kavata.

Haya, walimu na students mlio humu: nani amewahi kutuma kitu kibaya kikamtangulia? Ulikirudishaje? Hata wa kunichapa, njooni, niko hapa.